Meko Yaliyoomba Samahani

Jumatatu, 6 Novemba 1978

Daktari kaja kumpima Beryl kifua. Kasikiliza, kageuka, kautazama ukuta wa sebule. Ukungu mweusi umepanda mpaka darini, kuanzia pale palipokuwa na meko ya kuotea moto kabla sijayapigilia ubao na kuyapaka plasta ili yasiingize baridi. Kazi safi ile! Nilijisifu mtaa mzima. Daktari kasema kazi safi hiyo ndiyo inayommaliza mke wangu. Dohani, bomba la moshi la meko, ikizibwa haipumui, unyevu unabaki ukutani, Beryl anauvuta. Nizibue, la sivyo Beryl akakae Morecambe, mji wa pwani, kwa dada yake Thelma mpaka baridi iishe.

Nyumba bila Beryl siitaki. Na kupika sijui.

Wragg, jirani yetu wa ukuta mmoja, kachungulia uani bila kuitwa. Kanishauri: juu ya dohani kofia ya bati, mvua isiingie, chini kidirisha cha chuma chenye matundu, hewa iingie chini, itokee juu. Nikamwambia najua. Nilikuwa sijui.

Jumatano, 8 Novemba

Nimeng'oa ubao. Masizi! Kwenye kochi, kwenye mapazia, kwenye mashuka ya Beryl yaliyoanikwa jikoni. Nimetoa kiota cha kunguru, na kunguru mwenyewe, mifupa mitupu. Wragg kaniletea brashi zake ndefu za dohani. Ng'o! Nimetumia ufagio wa uani. Sasa hatuna ufagio.

Jambo moja. Nilipoingiza kichwa ndani, hewa ilinipiga usoni. Ya vuguvugu, yenye unyevu. Ikaja, ikarudi. Ikaja, ikarudi. Nikatoka mbio, nikajigonga kichwa.

Upepo tu.

Ijumaa, 10 Novemba

Fundi wa mapaa kaweka kofia. Kidirisha nimekifunga mwenyewe, kimekaa upande kidogo lakini kimekaa. Ushindi! Beryl kalala usiku kucha bila kukohoa hata kidogo. Ukuta umeanza kukauka. Kanibusu kwenye kipara. Nilifurahi hadi nikataka kulia.

Alasiri, tukiwa kwenye chai, meko yalikohoa.

Mara mbili. Kikohozi kikavu, kisha kile kikohozi kidogo cha mwisho anachokohoa Beryl siku zote. Nikamtazama Beryl. Mdomo umejaa keki ya tangawizi. Halafu sauti ndogo ikatoka kwenye kidirisha, sauti yake kabisa, ikasema samahani.

Beryl kasema ni upepo. Nikamuuliza tangu lini upepo ukawa na adabu.

Jumapili, 12 Novemba

Wragg na mkewe Edna wamekuja kuona kazi. Nilikuwa nimeweka balbu nyekundu na karatasi za rangi mbele ya kidirisha, moto wa bandia, unapendeza mno. Meko yakakohoa tangu chai ya kwanza hadi ya tatu. Samahani, samahani. Edna kainama, kayaambia pole. Pole! Kwa matofali!

Beryl hana habari. Mashavu mekundu, anacheka, anakula chakula cha watu wawili.

Wragg alipofika mlangoni alinishika mkono. "Jirani, iache dohani ikohoe. Bora ikohoe yenyewe kuliko mkeo."

Ndani ya nyumba yangu! Na Jumanne kamati ya kanisa inakutana hapa kuchagua mwenyekiti. Tunaogombea ni wawili, mimi na yeye. Nani atampigia kura mtu mwenye meko ya namna hii? Wragg analijua hilo. Ndiyo maana anataka yakohoe.

Jumanne, 14 Novemba

Asubuhi nimefungua kidirisha, nimeshindilia mto wa manyoya juu kwenye dohani, nimefunga tena. Wakati nashindilia, kitu kiliusukuma mto kurudi chini. Taratibu, bila ubaya, kama mgonjwa anayekataa dawa. Nikashindilia kwa nguvu. Kimya.

Kamati ikafika. Meko hayakusema neno. Nilisimama kutoa hotuba, Beryl akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akashikilia meza. Alipotoa leso mdomoni, leso ilikuwa nyeusi. Masizi. Watu wote waliona.

Wamemchagua Wragg.

Beryl kaniuliza nimefanya nini. Nikajitia hamnazo. Nikasema labda ni pilipili.

Alhamisi, 16 Novemba

Bwana Mwenyekiti kapiga hodi. Kaambiwa na mkewe, mkewe kaambiwa na wangu, aliyeona manyoya ya mto yamenasa kwenye kidirisha. Kaniamuru nitoe mto. Kaniamuru! Nilikuwa karibu kuutoa, Mungu shahidi, mkono ulishafika kwenye kidirisha. Sasa sitoi.

Beryl kaja na sanduku mkononi, koti limefungwa vifungo vyote. Hakugomba. "Horace, utoke mto au nitoke mimi."

Nikamwambia asubiri kidogo tu, Wragg asije akadhani nimemtii.

Nimemsindikiza stesheni. Alikohoa njia nzima. Treni ilipoanza kuondoka, akaacha. Nilimwona dirishani akivuta pumzi, na uso wake ulikuwa wa msichana. Nikapunga mkono peke yangu.

Jumamosi, 18 Novemba

Thelma kapiga simu. Beryl hakohoi, anatembea ufukweni, anakula samaki. Atarudi nitakapozibua, si kabla.

Nyumba kimya. Ukungu umerudi, umefika juu ya kiti chake. Namkumbuka mpaka kifua kinaniuma. Au kinauma kwa sababu ya kikohozi. Nimeanza jana. Leso nyeusi. Kila nikimaliza kukohoa, mdomo wangu unasema samahani, na sauti si yangu. Ni ya Beryl. Leo nimekohoa makusudi mara mbili tatu, nimsikie.

Wragg kagonga dirisha, kanisihi nifungue japo hilo dirisha, machozi yanamlenga. Mnafiki.

Chanzo nimekipata. Ni baridi inayopenya kwenye nyufa! Nimenunua mikanda ya kuzibia. Madirisha tayari, mlango wa nyuma tayari. Nataka Beryl akirudi akute nyumba ina joto. Kesho naziba tundu la ufunguo.