Memori Anashuka Ijumaa

Jumatatu, 14 Oktoba 1996
Wiki ya tatu ya ndoa! Andati wangu bado ananukia harusi. Nimempelekea chakula ofisini kwao, pale wanapochapia watu kwa kompyuta. Nikasimama mlangoni nimtazame kwanza, mzuri yule! Kumbe analalamika kwa Osiako, mwenzake: ubongo uko na mbio, lakini kutwa unakaa tu ukingojea Memori. Memori anachelewa. Memori ndiye anaharibu kazi.
Ubongo wa mume wangu! Unamngojea mwanamke!

Jumanne, 15 Oktoba
Nimemuuliza kwa werevu. Akacheka, akaniita malaika, akasema Memori ni kitu cha ndani ya kompyuta. Uongo mtamu! Ingekuwa kitu, angesema "inachelewa". "Anachelewa" ni ngeli ya wenye uhai. Kiswahili nilipata B.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimetega sikio tena. Memori mpya, mwenye kasi, anakuja na basi la Nairobi Ijumaa. Asipofika, mkubwa atamfuta Andati kazi.
Mpya! Kumbe wako wawili!

Ijumaa, 18 Oktoba
Nimeenda stendi na rinda la harusi, ajue mwenye mume. Kila mwanamke aliyeshuka nilimuuliza kama ndiye Memori. Mmoja akajibu yeye ni Rosebella, na mimi niombewe. Memori hakuja, mwoga! Ila karani wa basi alikuwa na kifurushi cha Andati. Chepesi. Hereni, bila shaka! Nikaandika juu, "Andati ameoa," nikaamuru kirudishwe Nairobi.

Jumamosi, 19 Oktoba
Andati hakula. Kifurushi hakijafika, mkubwa amempa mpaka Jumatatu. Moyo ukanichoma, nikasema yote. Hakufoka, mpenzi wangu! Alichukua mwiko wa obusuma, ugali wetu, akanipa. Wewe ni ubongo wa kompyuta, akasema, msongaji hodari. Lakini ghala la unga liko mbali, Iguhu, na unaletewa konzi moja moja. Si utasimama na mwiko, maji yakikauka? Ghala ndiye Memori.
Nimeelewa! Nimelia! Tumekimbia stendi. Karani alikuwa amekiweka tu, akisema barua za mapenzi hapeleki.

Jumatatu, 21 Oktoba
Memori ameingia, mashine inaruka, mkubwa anacheka. Sitashuku tena maishani.
Mchana nimepeleka ingokho, kuku mzima. Andati alikuwa akimnong'oneza Osiako: sasa shida ni Madabodi wa mashine ile. Amezeeka, lakini hawezi kumwacha, maana Memori na ubongo wote wamemkalia yeye.
Amezeeka! Tena "a"!
Nimepiga rinda la harusi pasi.