Manowari Haikuzama, Ilikaa

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na kwa majirani zangu ambao hawahusiki lakini huuliza kila siku dukani, kwamba manowari ya Mfalme iitwayo Perpetua haikuzama katika bandari ya Portsmouth. Tume imechunguza na kuamua. Perpetua ilikaa. Kuzama ni jambo la aibu; kukaa ni haki ya kila aliyechoka.

Mimi nina haki ya kulieleza jambo hili, kwa sababu nahodha wake, Lionel Ashcombe, nilimlea mimi. Mama yake alikuwa na shughuli nyingi za kualikwa. Basi mtoto alikuwa wangu kuanzia nepi mpaka siku aliyopelekwa chuo cha wanamaji, ana miaka kumi na mitatu, sanduku limemzidi urefu. Aligeuka mlangoni akaniuliza, "Yaya, nani atakukunia mgongo?" Mtoto wa namna hiyo hawezi kuharibika, hata serikalini.

Na hakuharibika. Alipanda cheo haraka kwa sababu alielewa mapema kazi ya manowari, ambayo ni kung'aa. Akawa luteni kwa ajili ya shaba za ngazi. Akapanda tena kwa ajili ya mizinga. Kanuni ilitaka mizinga ipigwe mara kwa mara kwa mazoezi, lakini mizinga hutoa moshi, na moshi huharibu rangi. Basi risasi za mazoezi zilitupwa baharini kwa utaratibu, na ripoti ikaandikwa kuwa zimetumika. Mabaharia wote wenye busara walifanya hivyo. Samaki wa pwani yetu wana silaha nyingi kuliko Wafaransa.

Rangi ya serikali haikutosha, kwa hiyo Lionel alinunua nyingine kwa mshahara wake, kama walivyofanya manahodha wote wenye matumaini. Ndiyo maana hakuoa. Soksi nilimfumia mimi.

Sasa alikuwa amebakiza hatua moja: kuwa admirali, apandishe mlingotini bendera yake mwenyewe. Aliitamani tangu utotoni, alipokuwa akifunga kitambaa changu kwenye mpini wa ufagio. Asipoipata mwaka ule, angestaafishwa. Yote yalitegemea ukaguzi wa Sir Godfrey Vennacombe.

Sir Godfrey ni mtu mkubwa. Ndiye aliyebuni, enzi za unahodha wake, kuisugua milango ya chuma ya kuzuia maji. Ile milango hapo zamani ilikuwa minene na ya kutisha, imepakwa rangi tu kama mlango wa banda. Yeye akaamuru ipigwe tupa na kusuguliwa mpaka mtu ajione uso. Akapewa uadmirali kwa hilo, na manahodha wote wakamfuata. Ila hakuna aliyemfikia Lionel.

Siku ya ukaguzi maafisa walialika wake zao. Lionel alinialika mimi. Aliniongoza mwenyewe chini, akanionyesha mlango mkubwa kuliko yote. Nilijitazama nikaiona kofia yangu, na nyuma ya kofia yangu, kupitia chuma chenyewe, nikamwona mtu anakunywa chai chumba cha pili.

"Mwanangu," nikasema, "hii kazi."

"Miaka minne ya kusugua, Yaya," akasema.

Sir Godfrey alikuja na amri mbili, kama ilivyo desturi yake. Kwanza, mashua zote zilipakwa rangi asubuhi ile ile, na hakuna ruhusa kugusa rangi mbichi wakati bendera yake inapepea. Pili, muda huo huo, tishari lolote la kubebea makaa ya mawe likae umbali wa yadi mia mbili, lisilete masizi. Kulikuwa na tishari moja hapo, la Obadiah Kemp, lililokuja na makaa ya manowari hiyo hiyo. Lilifukuzwa kwa matusi ya kiofisi.

Sir Godfrey akapitisha glovu yake nyeupe kila mahali na haikuchafuka. Alipofika kwenye mlango ule mkubwa akajitazama, akaiweka sawa kofia yake.

"Ashcombe," akasema, "mlango huu ungekuwaje ukiwa na maji nyuma yake? Nadhani ungefanana na tangi la kioo la kufugia samaki."

Wazo lilikuwa zuri. Koki ikafunguliwa, bahari ikaingia chumba cha mbele, na kwa dakika chache mlango ulipendeza kweli. Kisha maji yakaupenya kama waalikwa wa harusi: kwanza mmoja mmoja kwa adabu, kisha ukoo mzima. Wakakimbilia koki waifunge. Lakini koki nayo ilikuwa imesuguliwa, meno yake yote yamekuwa laini kama ufizi wangu, na gurudumu likazunguka tu.

Tukapanda juu. Perpetua ikashuka taratibu mpaka ikagusa tope, na maji yakatufika magotini tukiwa sitahani. Mabaharia wakasimama mistari iliyonyooka, wamevaa nyeupe, mashua zikiwa juu yao zinameremeta, hakuna anayezigusa. Wengi wao hawakujua kuogelea. Hilo halikuwa kwenye ukaguzi. Na maji yalikuwa bado yanajaa.

Baharia mmoja aitwaye Tizzard akanitazama. "Bibi, samahani," akasema, akaninyanyua akanikalisha mabegani mwake kama mtoto siku ya gwaride. Sitamsahau.

Sir Godfrey akapanda juu ya mzinga akapaza sauti. "Wewe wa tishari! Sogea hapa upesi!"

"Siwezi, bwana mkubwa!" Obadiah akajibu kutoka mbali. "Bendera yako inapepea, na mimi nina masizi!"

"Nakuamuru!"

"Ulishaniamuru, bwana! Ndiyo maana niko huku!"

"Nitakufunga, mjinga wewe!"

"Utanifungaje, nawe huna pa kukanyaga?"

Lionel akasema kwa upole, "Afande, tukiishusha bendera, amri zote mbili zinakwisha."

"Bendera haishushwi kabla ya jua kutua. Na ikishushwa, mimi ni nani?"

Maji yakafika viunoni. Lionel akatazama pwani, akatazama mashua, akanitazama mimi.

"Usinijali, mwanangu," nikamwambia. "Viatu vyenyewe vya zamani."

"Ashcombe," Sir Godfrey akasema polepole, "tishari lile likiigusa meli hii, wewe bendera utaiona kwa wenzako."

Lionel alivua kofia yake. Nilijua uso ule. Ndio aliokuwa nao alipovunja sahani na kuja kusema mwenyewe.

"Obadiah Kemp!" akapiga kelele. "Njoo! Njoo utuchafue wote!"

Tishari likaja. Lionel alimshika mkono kila baharia kumvusha, glovu zake zikawa nyeusi kabla hajafika wa kumi. Sir Godfrey alivuka wa mwisho kabla ya Lionel, akakaa juu ya magunia ya makaa. Mimi nikatoa kitambaa, nikakilowesha kwa mate, nikampangusa Lionel uso mbele ya watu. Hakukataa.

Tume iliongozwa na Sir Godfrey mwenyewe. Iliona kwamba Perpetua haikuzama, kwa kuwa meli haiwezi kuzama mikononi mwa admirali, bali ilikaa, na bado imo kazini. Lionel alistaafishwa kwa kuruhusu makaa karibu na bendera. Amri ya yadi mia mbili ikathibitishwa upya.

Wiki iliyofuata makarani wa London, watu waaminifu sana, wakagundua kwamba bendera ya Sir Godfrey haijashushwa, na kwamba admirali hukaa ilipo bendera yake, madhali meli imo kazini. Hakuweza kukana, sahihi kwenye uamuzi wa tume ilikuwa yake. Wakamjengea kibanda juu kwenye daraja la nahodha, panapobaki pakavu.

Lionel anafanya kazi kwa Obadiah sasa. Kwenye mlingoti wa tishari wamefunga kitambaa changu, kile kile, masizi yamekataa kutoka. Jumapili mimi huoka pai mbili za nyama na figo, ya pili ni ya Sir Godfrey, yule mzee wa watu, maana kule kuna baridi. Lakini Obadiah ni mtu wa sheria. Tukifika yadi mia mbili anasimamisha tishari, na pai inapoa mapajani mwangu.

Sir Godfrey hutoka kibandani akainua mkono. Lionel anasema mzee anaomba pai. Mimi nasema anakipigia saluti kitambaa.