Meli ya Papa Imelala Ubavu Mbele ya Mchungaji

Jamani, leo nimeaibika mbele ya ziwa zima.

Niko hapa saiba ya Kamembe, kwenye kompyuta za kukodi, kitenge bado kinachuruzika maji, na mwenye saiba amenitandikia gazeti kwenye kiti ili nisimlowanishie. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa Nguba, mtaa wetu wa Bukavu, kwanza, kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana watu wengine wataongeza chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Mnamkumbuka marehemu baba, papa yangu. Akitoka kazini alikuwa anachonga meli ndogo za mbao, zile za zamani za matanga, za kuweka juu ya kabati. Ziwani kwetu nani ana mashua yenye tanga? Yeye mwenyewe aliziona kwenye kalenda tu. Ya mwisho aliiacha mwili mtupu, haina hata mlingoti mmoja, akafariki. Bukavu ilipowaka vita tukakimbilia huku Cyangugu. Wenzetu walibeba magodoro na sufuria. Maman akabeba meli! Kichwani, imefungwa kwenye kitenge, mpaka ng'ambo ya daraja. Jioni ile hatukuwa na chombo cha kupikia, lakini meli tulikuwa nayo.

Sasa Maman anahamia Kigali kesho asubuhi, kwa kaka yangu. Miezi yote hii nimekuwa naimalizia ile meli ili aondoke nayo ikiwa kamili. Mimi ni fundi wa cherehani, mnanijua. Mbao zilinisumbua, lakini nyuzi? Thubutu! Nikasimamisha milingoti mitatu. Matanga nikayakata kwenye shuka jeupe, nikayapaka uji mzito wa muhogo, yakakauka yametuna utadhani upepo uko ndani. Kamba nikazisokota mwenyewe kwa uzi wa cherehani, nikazipitisha kwenye mshumaa, nikafunga kila moja na mwenzake mpaka juu kabisa. Ilipendeza. Siongopi, ilipendeza kuliko kitu chochote nilichowahi kushona.

Leo baada ya ibada Maman akataka picha ya kuaga kando ya ziwa, yeye na meli yake, Bukavu ikionekana nyuma. Tukashuka. Kumbe pale ufukweni wavuvi wa kisiwa cha Nkombo walikuwa wameleta mashua yao mpya ya kuvulia sambaza, wale dagaa wetu, na mchungaji wetu amekuja kuibariki. Mnajua desturi: inaombewa, inasukumwa majini, watu wanapiga vigelegele. Tulipotokea tu, macho yote yakahama kutoka kwenye mashua yao yakaja kwetu. (Nilipunguza mwendo ili waone vizuri.)

"Dada Beata, ni weye njo umetengeneza hii?" akauliza mchungaji.

"Ni mimi na marehemu papa," nikasema.

"Basi, tunabariki zote mbili!"

Akaomba vizuri sana. Aliombea hata upepo. Wavuvi wakasukuma mashua yao, ikaingia majini, vigelegele hadi milimani. Kisha watu wote wakaniangalia mimi.

Hapo ndipo iliponipasa niseme. Maneno yenyewe ni machache: hii ni ya kabatini. Lakini Maman akanitangulia.

"Na ya kwetu? Tuitie mu mayi batu baione!"

"Inaelea?" akauliza mvuvi mmoja, wanamwita Papa Riziki.

Nami nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka Congo: "Papa yangu achonge kitu kisielee?"

Mdomo huu! Nikakunja kitenge, nikaingia mpaka magotini, nikaiweka majini taratibu kama ninayelaza mtoto. Nikaiachia. Ikasimama. Naapa, ilisimama! Watu wakapiga makofi. Nikageuka kupunga mkono kwa ajili ya picha.

Makofi yakakatika ghafla.

Kuangalia, meli imelala ubavu. Chini haina uzito wowote, juu ina milingoti mirefu na nusu ya shuka la kitanda, sasa ingefanyaje? Uji wa muhogo ukalegea, matanga yakanywea yakawa matambara. Mlingoti wa mbele ukachomoka. Na kwa kuwa nilikuwa nimefunga kila kamba na mwenzake (fundi hodari mimi!), ukauvuta wa kati, wa kati ukauvuta wa nyuma. Nikaruka niidake. Mguu ukateleza juu ya jiwe, nikazama mzima mzima, na kilemba changu cha kanisani kikaanza safari ya kurudi Bukavu bila mimi.

Papa Riziki wala hakuwa na haraka. "Dada, siye mashua zetu tunafungaka tatu pamoja," akaniambia. "Iyi yako iko peke yake. Njo maana imeanguka."

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Mchungaji alijikaza, akashindwa, akageukia mlimani mabega yakitikisika.

Wakaichota kwa wavu wa sambaza, wakaniletea fundo moja kubwa: wavu wao, nyuzi zangu, matanga, milingoti, vyote vimeshikana. Wavu wenyewe wanauhitaji leo leo kwa kazi.

"Dada, tukate wapi?"

Nikazitazama zile kamba. Nikawaambia wakate kwangu, nikageuza uso nisikione kisu. Hapo sikucheka, na hata sasa ninapoandika sicheki. Nilitaka Maman afike Kigali na kitu kimoja kilichokamilika, kimoja tu, baada ya vyote tulivyoviacha nusu ng'ambo ile. Na ningeweza kukiokoa kwa kufunga mdomo.

Kikabaki kile kimwili kitupu chenye mashimo matatu. Nikampelekea, huku nimeshaandaa maneno ya kuomba msamaha. Nikamkuta amekaa juu ya jiwe anacheka, anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tuvuke daraja.

"Maman, nisamehe, nimeharibu meli ya papa."

"Nyamaza, mutoto wangu," akasema. "Miaka yote nilikuwa nauliza papa yako: izi meli zako, zinaelea? Ananikasirikia, anatoka inje. Hakunijibu hata siku moja. Mpaka amekufa hakunijibu." Akaipokea, akaigeuza, akamwaga maji yaliyokuwa ndani. "Leo nimejua."

Amekwenda nayo nyumbani kuifunga kwenye mzigo wake wa kesho, hivyo hivyo ilivyo. Mimi nimebaki na mfuko wa matambara na nyuzi zilizokatwa, na sijui niutupe au niuweke.

Basi chekeni, lakini chekeni leo mmalize. Na mtakaopita kwangu kushona wiki hii, nawaomba kwa jina la Yesu, tuongee magauni tu.