Hamira Yangu na Koti la Nicodemus

Jumatatu, 1 Februari 1943
Alhamdulillahi! Daktari anataka msaidizi. Mmoja tu. Atavaa koti jeupe na kutazama darubini. Miaka sita nimeosha chupa za maabara hii, na moja tu imenivunjikia, ukiacha zile kumi na mbili. Mpinzani wangu ni Nicodemus, karani kutoka bara, mwenye cheti. Kila mmoja amepewa chupa ya hamira ailee hadi Jumamosi. Itakayostawi zaidi, mwenyewe ndiye msaidizi. Daktari asema ndani ya kila chembe mna lishe kama ya nyama na mayai, ataitoa awape wagonjwa, maana vita vimetuharibia soko.
Nimechungulia hamira kwenye darubini. Vijiyai, kila kimoja na kitoto ubavuni! Subhanallah. Kumbe mke wangu Mwanakuu hukanda kaumu nzima ya viumbe kwenye unga kila asubuhi.

Jumanne, 2 Februari
Nicodemus achemsha kila kitu, hata kijiko. Nikamwuliza kijiko kimemkosea nini. Akajibu: Mzee Zein, chembe hizi zataka usafi. Usafi! Aniambia mimi, nitawadhaye mara tano kwa siku!

Jumatano, 3 Februari
Kwetu Mji wa Kale, mtungi haupati maji mpaka ufukizwe udi. Basi hamira ikae kwenye chupa inukayo mpira? Nimechukua chetezo cha udi cha nyumbani. Mwanakuu akauliza namfukizia nani. Nikasema hamira. Akasema heri ya hamira, yeye mara ya mwisho kufukiziwa ilikuwa harusi yetu.
Mtungi hugeuzwa mdomo chini. Chupa yenye hamira haigeuziki, nikaiketisha juu ya makaa, moshi wa udi uiingie. Nikasoma Fatiha. Povu lililokuwa likipanda limetulia. Adabu hiyo!

Ijumaa, 5 Februari
Povu hakuna. La Nicodemus labubujika. Ni hasadi! Ameitazama chupa yangu mara tatu bila kusema mashaallah. Nimeongeza ubani na makaa.

Jumamosi, 6 Februari
Daktari alichungulia. Akachungulia tena. Akauliza nimeifanyia nini. Nikaeleza kwa fahari. Akasema zimekufa zote, hata moja haikusalia. Innalillahi! Kaumu nzima!
Koti akavishwa Nicodemus. Lambana kwapani. Akanipa mkono, akasema pole mzee wangu, hata yeye angekufa kwa moshi ule. Wote wakacheka, hata Tumu mfagizi.
Nimerudi nyumbani kwa uchochoro wa nyuma. Mwanakuu alikwishauambia mtaa wetu mzima wa Bondeni kuwa mumewe ni msaidizi wa Daktari. Kuna majirani wawili wamekuja kunipongeza. Nimewapongeza na wao.

Jumatatu, 8 Februari
Daktari ana huruma. Ameniondoa kwenye chupa, amenikabidhi sungura wake wanane. Niwape majani na maji, basi. Hiyo "basi" ameirudia mara tatu.
Nimewatazama sana, maskini. Kimya. Macho mekundu. Pua zatetemeka. Hawa wamefunga choo! Daktari hawezi kulijua hilo, yeye ni mtu wa hamira. Nimemtuma Tumu dukani aniletee haluli ya kuwaendesha. Chupa kubwa.