Mpango wa Kuwashibisha Houston

Jumanne, 7 Aprili
Jumamosi tunacheza lakrosi ugenini Houston. Atakayefungwa anashuka Daraja la Pili. Mimi ndiye katibu wa ratiba na safari wa klabu yetu ya chuo hapa Dallas, na nahodha Lenny amesema tukishuka, cheo changu anapewa Carmel. Carmel! Mkongo wa mtaa wa Vickery Meadow ambaye hajawahi kuchelewa popote. Mtu wa kuchosha sana.

Jumatano, 8 Aprili
Nimepata dawa. Ligi hupanga siku tu, saa tunapatana wenyewe. Nimeomba saa tisa alasiri, Houston wamekubali. Kisha nimewaalika kwa chakula cha mchana Sugar Land, kando ya Houston, kwa shangazi yangu Loice, nesi. Hakuna aliyewahi kutoka kwa shangazi na sahani moja tu tumboni. Watashindwa hata kuinua zile fimbo zenye wavu. Sisi tutaonja tu, kwa adabu. Carmel kauliza kwa nini tusicheze asubuhi. Nimemwambia aniachie utaalamu.

Jumamosi, 11 Aprili
Kwa shangazi, mgeni ni aliyetoka mbali. Hilo sikulifikiria. Houston wanakaa jirani, basi akawapa chai na kuwaambia wapange viti. Sisi, watoto wa watu tuliosafiri tangu alfajiri, tukaketishwa mezani. Pilau. Chapati. Mukimo wa viazi na mahindi. Mbuzi. Lenny alipokataa sahani ya tatu, shangazi aliuliza amemkosea nini. Lenny akala. Carmel alisema yuko kwenye mfungo wa maombi, na shangazi akamsifu mbele ya wote.
Tumefungwa kumi na saba kwa moja. Beki wetu alikaa chini kipindi cha pili na hakuinuka. Bao moja ni la Carmel. Niliona aibu, nikajificha garini.

Jumatatu, 13 Aprili
Cheo kimekwenda. Nimeumia, sifichi. Carmel amenibakishia kupokea wageni, kazi isiyotakiwa na mtu.
Lakini nimewaza. Mpango haukuwa na kosa, mji ndio ulikuwa na kosa. Mechi yetu ya kwanza Daraja la Pili ni hapa Dallas, na klabu nyingine ya Houston. Safari hii watakaotoka mbali ni wao! Nimempigia Mama Prudensia wa DeSoto, hapa kando ya Dallas, atawapikia. Amefurahi mno. Ameomba jambo moja tu: wenyeji tutangulie kula, maana si heshima mgeni kupewa chakula ambacho mwenyeji hajakila. Nimemhakikishia tutakuja timu nzima, na njaa.