Vidoti Havisalimiani

"Ndugu wananchi, nina furaha isiyo kifani kutangaza kwamba msongamano katika njia kuu ya soko umekwisha. Umekwisha kabisa, tena kisayansi. Umekwisha kwenye kompyuta, mbele ya kamati nzima, na kilichobaki ni nyinyi kuupokea mwisho huo kwa miguu yenu."

Ndivyo nilivyotangaza, mimi Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Mienendo ya Watembea kwa Miguu. Neno hilo "Kaimu" nimelibeba miaka mingi kama kokoto kiatuni, na Waziri aliniahidi kuliondoa siku atakapouzindua mradi.

Mradi wenyewe hauna makuu. Mtaalamu wetu wa kompyuta, ambaye ofisi nzima humwita Bwana Vidoti, aliichora njia ya soko kwenye skrini akaijaza vidoti vya kijani. Kila kidoti ni mtu. Kinaingia lango la mashariki, kinanunua, kinatokea lango la magharibi. Hakisukumani na mwenzake. Tulipiga makofi. Kisha akatuonyesha picha za kamera za soko lenyewe, tukaona aibu. Watu wamesimama makundi makundi, wameshikana mikono, wanaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mguu unaouma, na nyuma yao foleni imefika barabarani.

"Kwa hiyo kompyuta imekosea?" aliuliza mjumbe mmoja, ambaye sasa si mjumbe.

"Kompyuta iko sawa," nikamjibu. "Waliokosea ni watu."

Tukapitisha Kanuni ya Mtiririko. Ni marufuku kusalimiana katika njia kuu. Kutikisa kichwa kunaruhusiwa, mradi miguu isisimame. Lango la mashariki ni la kuingia tu, la magharibi ni la kutoka tu. Atakayesimama bila shughuli atageuka kidoti chekundu kwenye skrini, yaani kizuizi, na mgambo watamsogeza.

Bahati mbaya, mama mkwe wangu anauza vifungo na zipu katika njia hiyo hiyo. Siku ya majaribio nilipita mbele ya meza yake, faili kwapani, nikatikisa kichwa kwa mujibu wa kanuni, nikaendelea. Jioni mke wangu alinipokea mlangoni uso umemkauka.

"Mama kapiga simu. Eti umempita kama nguzo ya umeme."

"Nilitikisa kichwa!"

"Kwa mama yangu? Hata mbuzi hutikisa kichwa."

"Mke wangu, kanuni inasema..."

"Basi kanuni ikupikie."

Usiku ule nikala mkate mkavu. Iliniuma, sikatai. Nilijipa moyo kwamba "Kaimu" likishaondoka, hata mama mkwe atanielewa.

Siku ya uzinduzi ikafika. Uchaguzi ulikuwa unanukia, na Waziri alishuka garini na suti mpya na tabasamu la kuombea kura. Mimi na Bwana Vidoti tulikuwa juu, kwenye chumba cha kamera, tukiona na kusikia kila kitu. Waziri akaingia, akamnyooshea mkono mama mwenye kapu. Mama akatikisa kichwa, akapita. Akamnyooshea fundi viatu. Fundi akatikisa kichwa, akapita. Hata walinzi wake, kwa utiifu, walikwisha kutiririka hadi nje. Umma uligawanyika kushoto na kulia kwake vizuri ajabu, nikakaribia kulia kwa furaha.

"Bosi," akasema Bwana Vidoti, "kuna kidoti chekundu."

"Kisogezwe," nikasema, bado napangusa macho.

Mgambo wakamshika viwiko. "Mzee, unatuzibia njia. Songa, songa."

"Mnajua mimi ni nani?"

"Kidoti chekundu, mzee."

Akasukumwa hadi lango la magharibi, akatokea kwenye jalala la soko, na lango lile halirudishi mtu. Ikabidi alizunguke soko zima juani, aingie upya. Alipopita mara ya pili, shati limemganda mgongoni, sauti ikamsimamisha.

"We baba! Mara ya pili hii unanipita. Kwenu hamna salamu?"

Alikuwa mama mkwe wangu.

"Shikamoo, mama," akasema Waziri.

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani? Mbona umelowa hivyo? Umekula?"

Waziri akaushika mkono wake kwa mikono miwili, asiuachie. Watu wakasimama kutazama, na kwa kuwa wameshasimama, wakaanza kusalimiana. Skrini yetu ikaota wekundu kama mtoto mwenye surua.

"Nani kaleta upuuzi huu?" akauliza Waziri.

"Mkwe wangu," mama akajibu, bila kumung'unya maneno.

Waziri ni mtu wa kutimiza ahadi. "Kaimu" liliondolewa siku ile ile. Leo mimi ni Mkurugenzi kamili wa Kitengo cha Salamu. Ofisi yangu ni kiti cha plastiki kwenye lango la mashariki, na kazi yangu ni kumuuliza kila anayeingia habari za nyumbani na kungoja jibu. Bwana Vidoti hunisaidia upande wa miguu inayouma.

Kila asubuhi mama mkwe hupita na furushi lake la zipu. Mimi huinuka na kunyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama! Umeamkaje? Wote wazima?"

Yeye hutikisa kichwa, miguu haisimami.

"Sogea, baba," huniambia. "Unaziba njia."