Miwani Saba za Kaloleni

Leo nimejiaibisha mbele ya watu saba, na mdogo wao amenizidi miaka ishirini. Wacha niwaambie mwenyewe kabla majirani hawajawaambia.

Mnajua mwezi huu nimeanza kazi ya kuratibu masomo ya watu wazima hapa Kaloleni. (Kamati ya mtaa ilinichagua kwa sifa moja: mimi hupatikana nyumbani saa zote. Kidato cha nne nilimaliza, alama msiulize.) Kazi ni kutafuta wanafunzi, kutafuta chaki, kisha kumsaidia mwalimu atakayeletwa. Mwalimu hajaletwa. Kwa hivyo mwalimu ni mimi.

Wiki nzima nimezunguka mlango kwa mlango na fomu. Nikimpa mtu kalamu, jibu ni lile lile. Mama Saumu, anayeuza mahamri pale kwa geti: "Nijazie tu, mwanangu, nimesahau miwani." Mzee Ndung'u, aliyestaafu kiwandani Industrial Area: "Yangu ilikaliwa na mjukuu." Watu saba, macho kumi na manne, yote mabovu! Nikaingiwa na huruma. Nikajiambia, mtaa huu una janga la macho na hakuna kiongozi ameliona. Isipokuwa mimi.

Jana nikatoka mtaani (mimi!) mpaka soko la Gikomba, nikanunua miwani saba za kusomea. Nikazifuta moja moja, nikazipanga ndani ya kopo la biskuti.

Leo saa nne asubuhi, wote saba ndani ya ukumbi wa mtaa. Nusura nilie. Mama Saumu ndiye aliyewapitia na kuwaleta, na walikaa wakimwangalia yeye, si mimi. Nikasimama, nikakohoa kama waziri.

"Wazee wangu, mama zangu, kuanzia leo hakuna mtu atasema amesahau miwani!"

Nikafungua kopo.

Wakatazamana. Kama watu wa matanga.

Nilidhani ni shukrani. Nikagawa. Wakavaa polepole, kama watu waliokamatwa. Mzee Ndung'u alipata yenye maua pembeni. Halafu kwa akili zangu zote nikampa Mama Saumu karatasi mbele ya watu.

"Haya mama, tusomee mstari wa kwanza tu."

Akaisogeza karibu. Akaisogeza mbali.

"Huoni? Nikubadilishie?"

Nikambadilishia! Mara mbili!

Mwishowe akavua miwani, akanitazama.

"Mwanangu, miwani ni nzuri. Herufi naziona zote. Ni vile hatujajuana."

Hapo ndipo akili yangu ilipofika, ikihema, kama imetembea kwa miguu.

"Hata ungeleta darubini, mwalimu," akasema Mzee Ndung'u.

Wakacheka. Mama Saumu hakucheka. Alijifunga leso, akainuka. "Mimi nina unga umeumuka nyumbani." Na nyuma yake wale sita wakaanza kurudisha miwani ndani ya kopo. Ta. Ta. Ta. Nikajua akitoka, wametoka wote, na hatanifungulia mlango tena maisha yake. Miaka yote amejisitiri na neno dogo lisilomuumiza mtu, nami nimelivua hadharani nikidhani namsaidia.

Sikuwa na hotuba. Nikasema ukweli.

"Mama, hata mimi nina miwani zangu za kusahau. Barua ya kazi hii ilikuja kwa simu, Kiingereza kigumu. Kamati ikaniuliza kama nimeielewa. Nikasema simu imeisha chaji, nitaisoma nyumbani. Mpaka leo aya ya tatu sijui inataka nini." (Kamati, kama mnasoma humu, mnisamehe.)

Akasimama mlangoni.

"Na simu ilikuwa imeisha chaji?"

"Ilikuwa imejaa, mama."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akarudi, akavuta kiti.

"Funga huo mlango, watu wa nje wana macho. Halafu uje ukae hapa na sisi, usitusimamie kama askari wa kanjo. Niandikie Saumu. Nimemzaa, nimemlea, nimemwoza. Nikikutana na jina lake njiani, nataka nilitambue."

Tumeandika Saumu mpaka saa sita. Watu saba, jina moja.

"Mzee, hiyo S yako imelala," Mama Saumu akamwambia Mzee Ndung'u.

"Iache, imetoka shifti ya usiku."

Wakati wa kuondoka Mama Saumu aliikunja karatasi yake mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso, pale watu huficha kitu ambacho hawataki kipotee. Hakuniaga. Aliniuliza tu Jumamosi ijayo tunaanza saa ngapi.

Somo la leo: mtu mzima akikupa kisingizio, kipokee kwa mikono miwili, sema asante, wala usikitafutie dawa. Na tafadhali msicheke. Nina wanafunzi saba, na wameshacheka kwa niaba yenu.